Saa ya Bibi Iko Unguja

Al Amerat, baada ya alasiri

Raiya mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi ukaniitikia kwa kichwa tu, kwa hivyo sitaanza na salamu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, wali wa nazi uko motoni kwa ajili ya wageni wanaokuja kukuaga. Kesho unapanda ndege ya Ujerumani kwenda masomoni, na tangu Jumanne mimi na wewe hatujasemeshana la maana.

Jumanne ulipanda juu ya kiti, ukafungua kabati la Bibi ili uitoe saa yake uifunge vizuri uende nayo, ukakuta kisanduku kitupu. Ukaniuliza, "Mama, saa yangu iko wapi?" Nikakwambia iko Unguja. Ukauliza nani kaipeleka. Nikasema mimi. Ukaondoka, na mie nikakuacha uondoke, maana jibu lenyewe lilikuwa refu na wewe ulikuwa umesimama na nguo za kuosha mkononi.

Sitakuandikia habari za makoti na dawa na kupiga simu ukifika. Wewe ni daktari wa watoto, hayo utanifunza wewe. Nakuandikia juu ya saa kwa sababu ilikuwa yako kweli. Bibi alisema mbele yetu sote, kitandani pake, mwezi ule aliokufa: "Saa hii ya Raiya." Hakuna aliyepinga, wala mimi sikupinga. Lakini hakukuhadithia ilimfikiaje, na sehemu moja ya hadithi hiyo hata yeye alikufa haijui.

Saa ile ni ya Kiingereza. Jina la fundi lilichorwa usoni pake, likasuguliwa na vitambaa vya watu wengi hata likafutika, likabaki jina la mji tu, London. Ni saa ya meza, ya mbao nyeusi, na juu ina mkono wa shaba wa kuinulia, kwani wenyewe wa zamani walikuwa wakiibeba usiku kwenda nayo chumbani. Ndani ina kamani mbili za chuma zilizokunjwa: moja inatembeza akrabu, ya pili inapiga kengele. Kila kamani inajazwa peke yake, ndiyo maana usoni mwa saa mna matundu mawili ya ufunguo, moja kulia na moja kushoto. Ulipokuwa mdogo ukisema hizo ni pua zake.

Kwa tunavyojua, aliyeileta Unguja alikuwa daktari wa Kiingereza. Alipokufa, mkewe aliuza vyombo vyote kwa mnada kabla ya kurudi kwao. Babu yangu, Mzee Seif, baba yake Bibi, alitumwa mnadani kununua kitanda, maana binti zake wawili walikuwa bado wanalala chini. Akarudi na saa. Bibi akifika hapa alikuwa akicheka mpaka anafuta macho kwa mtandio.

"Mama kasimama mlangoni, kashika kiuno. 'Seif, kitanda kiko wapi?' Baba anamwambia, 'Kwanza sikiliza.' Kaiweka chini, kaitia ufunguo, ikapiga. Mama naye kasikiliza. Siku ile tulilala chini vilevile, lakini hakuna aliyenuna."

Mzee Seif aliitega saa ile kwa saa za Kiswahili. Kila magharibi ikiadhiniwa aliisogeza akrabu mpaka juu, nayo ikapiga kumi na mbili, taratibu, watu wa nyumbani wakiwa wanatia udhu. Na kazi ya kuijaza aliwapa wale mabinti. Zuwena, ambaye ndiye Bibi yako, alipewa tundu la kulia, la mwendo. Khole, mdogo wake, alipewa tundu la kushoto, la kengele. Ufunguo ulikuwa mmoja, wa shaba, kichwa chake kama kipepeo. Kila Ijumaa baada ya sala, mmoja anajaza lake kisha anampa mwenziwe. Bibi aliniambia kwamba Khole kila wiki alitaka kuanza yeye, na kwamba kila wiki yeye alimwachia, na kwamba katika maisha yake hakuna kitu alichomwachia mtu kwa furaha kama hicho.

Kisha yakaja mapinduzi. Siku moja Mzee Seif alitoka nyumbani asirudi, na kaburi lake hatulijui mpaka leo. Bibi hakuwahi kusema zaidi ya hapo, na mie siwezi kusema asilolisema yeye. Walibaki wanawake watatu ndani ya nyumba: mama na binti zake. Miaka ikapita. Zuwena akaolewa, nikazaliwa mimi, na ulipofunguka mlango wa watu wetu kuja Omani, baba yangu akasema twende. Khole hakuja. Mama yao alikuwa hajiwezi tena, na ilibidi mmoja abaki kumtazama. Hawakubishana nani. Khole hakuwa na mume wala mtoto, basi ikawa kana kwamba jambo limejiamua lenyewe. Mimi nadhani hapo ndipo palipoingia uchungu wa kwanza, kwamba hakuna hata mtu aliyemuuliza.

Mama yao akasema saa iondoke na Zuwena, huko itasalimika. Wakaifunga ndani ya godoro la mtoto, yaani godoro langu. Siku ya kuagana, Khole akautoa ufunguo kwenye kisanduku, akautia uzi, akauvaa shingoni.

"Saa chukua," akamwambia dada yake. "Ufunguo nnao mie. Siku utakayokuja kututazama, ntakutilia."

Bibi alicheka. Alidhani ni mzaha wa mwaka mmoja.

Mimi nimekulia Darsait, unakujua, ile nyumba ya ghorofa juu ya karakana ya milango ya alumini, tukisikia msumeno tangu asubuhi. Saa ilikaa juu ya kabati la televisheni, na utotoni mwangu nilidhani ni pambo, kama vile vyungu vya ubani. Bibi aliifuta kila Ijumaa kwa kitambaa cha unyevu, kisha kwa kikavu. Fundi saa aliyekuwa na kiduka mtaani aliiona siku moja alipokuja kumtafuta baba yangu, akasema, "Mama, hii saa nzima kabisa, inataka ufunguo tu. Nipe siku mbili nikuchongee."

Bibi akamjibu, "Ufunguo upo. Una mwenyewe."

Nilimsikia akilijibu hilo kwa watu wengi. Alilisema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayesema mwanawe yuko masomoni na karibu atarudi.

Hakwenda mwaka wa kwanza, kwani hati za safari zilikuwa shida. Hakwenda wa pili, alikuwa na mimba, ikatoka, akaugua. Baadaye habari zikaja kwamba mama yao amefariki, na zilipomfikia, marehemu alikuwa ameshazikwa zamani na khitma imeshasomwa. Zililetwa na msafiri, mtu wa Kikwajuni, na huyo huyo ndiye aliyeleta maneno ya Khole. Alikaa sebuleni kwetu, kikombe mkononi, akiyatafuna maneno kabla ya kuyatoa.

"Bi Khole kasema, mwambieni Zuwena asije tena. Aliyekuwa akimngoja keshazikwa."

Mama yangu hakulia mbele ya mgeni. Alimwongeza kahawa. Kisha kwa miaka, kila tulipomwambia twende Unguja, alisema mwaka ujao. Barabara zikajengwa, ndege zikawa zinakwenda na kurudi, jirani zetu wakawa wanakwenda Unguja kama watu waendavyo Sohar kwa gari, wanarudi na karafuu na mikeka. Bibi anapokea zawadi, ananusa karafuu, anasema, "Ntakwenda na uso gani?"

Nami je? Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu, nina pasipoti, nina simu mkononi. Nilikuwa na mama mdogo wa tumbo moja na mama yangu, anaishi, namba yake inapatikana kwa kuuliza watu wawili tu, na sikumpigia. Nilijiambia namheshimu mama yangu. Ukweli ni kwamba ugomvi ule nilizaliwa nikaukuta, nikauzoea kama watu wanavyozoea kiti kibovu, hukikalii lakini hukitupi. Watu wengi wa rika langu wamebeba ugomvi wa wazee wao hivyo hivyo, na ukiwauliza ulianzaje, hawajui. Usije ukanibebea wangu, Raiya. Nikiwa nimekosana na mtu, wewe msalimie.

Sasa nifike kwenye siku unayoikumbuka wewe. Wewe unaikumbuka kama siku ya kucheka.

Tulikuwa tunahamia huku Al Amerat. Nyumba bado inanuka rangi, madirisha hayana mapazia. Baba yako, Mungu amrehemu, alimpenda Bibi kuliko wakwe wengi wanavyopendwa. Ijumaa alikuwa akimchukua kwa gari mpaka sokoni Mawaleh, wakazunguka pamoja kutafuta muhogo na ndizi mbichi, na kurudi wakigombana kwa furaha nani kachagua vibaya. Basi vitu vilipokuwa vinahamishwa kutoka Darsait, saa ikachelewa kufika. Baba yako akamwambia Bibi iko kwenye maboksi ya nyuma. Kumbe kaipeleka kwa fundi, kaisafishisha, na kaichongeshea ufunguo mpya. Hakuniambia hata mimi. Alitaka kutufurahisha sote. Na kwa kuwa Bibi alishamhadithia habari za Mzee Seif, alingoja magharibi.

Bibi alikuwa jikoni, hapa hapa nilipo, anasukuma chapati. Mie nnakunja nguo. Wewe ulikuwa na baba yako sebuleni, kakushika mkono, kakuwekea kidole mdomoni usiseme. Muadhini alipoanza, baba yako akaisogeza akrabu juu.

Ikapiga.

Nilimwona mama yangu anainua kichwa. Ikapiga ya pili, ya tatu. Akaacha kijiti cha kusukumia kikabingirika mpaka chini, akatoka mbio. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuuma wakati ule, kwenye ngazi alikuwa anashikwa mkono, lakini alikimbia, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, na huku anaita.

"Khole! Khole! Khole kaja?"

Aliipita saa bila ya kuiangalia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaufungua, akatazama nje. Nje palikuwa na lori lililoleta magodoro na wale wafanyakazi wawili wanakunywa maji. Saa ilikuwa bado inapiga nyuma yake. Kengele zote kumi na mbili zilikwisha yeye kasimama mlangoni, na kwenye kitasa pamebaki alama za vidole vya unga.

Wewe ulicheka. Ulikuwa hujaanza hata shule, na hujapata kumwona Bibi akikimbia. Hukufanya kosa lolote, nakwambia hivyo maana najua sasa utaanza kujilaumu. Baba yako alikuwa na ufunguo mkononi na uso umemshuka. Bibi aligeuka, akamwona, akafahamu. Unajua alisema nini?

"Ahsante, baba. Umenifanyia wema mkubwa."

Akarudi jikoni akamaliza chapati zake. Zilitoka nzuri, laini, tukala sisi, yeye hakula. Asubuhi alituomba tuiache saa inyamaze, na baba yako akauchukua ufunguo wake, akautia kwenye droo ya soksi zake, na hakuugusa mpaka alipofariki. Mara moja tu alizungumza nami juu yake. Alisema, "Asya, mimi nilidhani anangoja saa." Mpaka leo nikikumbuka alivyoyasema hayo natamani ningemshika mkono. Nilimwambia tu, lala, kesho una kazi.

Tangu siku ile nilijua anangoja nini. Na bado sikupiga simu. Hapo siwezi kusema sikujua.

Bibi alipofariki, ulikuwa nami, huna haja ya kusimuliwa. Baada ya matanga, watu walipokwisha kuondoka, nilikaa kwenye kitanda chake nikasema, Unguja kuna mtu aliyefiwa na hana habari. Nikaitafuta namba. Niliipata kwa kuuliza mtu mmoja tu, hata wawili sikuhitaji. Akapokea mwanamke jirani, akampelekea Khole simu.

Nikasema, "Mama mdogo, mimi Asya, mtoto wa Zuwena."

Sauti ikasema, nayo, Raiya, ilikuwa sauti ya Bibi kabisa: "Zuwena kafa."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Nilijua. Mtoto wake asingenipigia vinginevyo."

Hakulisema kwa ukali. Lakini kuna maneno ya ukali niliyoambiwa maishani ambayo hayakuniingia kama hayo.

Baada ya hapo nilimpigia mara kwa mara. Hakuolewa. Anaishi nyumba ile ile, chumba kimoja cha chini, vingine kapangisha. Macho yanamwishia na moyo unamsumbua. Hakuomba kitu. Siku moja tu aliuliza, "Na ile saa ya baba, ilifika salama?" Nikashituka. Mtu anauliza kama saa imefika, na saa imefika mimi nikiwa mtoto wa kubebwa.

Ndiyo nikaenda. Uliponiuliza, nilikwambia nakwenda kupumzika, nawe ulikuwa na zamu nyingi hospitali, hukuuliza zaidi. Niliitoa saa kabatini ulipokuwa kazini, nikautoa ufunguo wa baba yako kwenye droo. Wallahi, Raiya, nia yangu ilikuwa kumwonyesha tu na kurudi nayo. Uwanja wa ndege yule kijana wa mashine aliona magurudumu na minyororo ndani ya mkoba wangu akaita wenzake. Nikaifungua. Wakaizunguka wote, wakaanza kuipiga picha. Mmoja akaniuliza kwa Kiarabu, "Ya nani hii, mama?" Nikafungua mdomo nikaona sijui. Nikasema ya familia.

Mama mdogo Khole alinipokea ukumbini, amekaa kwenye mkeka. Ni mdogo wa mwili kuliko Bibi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Una kidevu cha baba." Kisha kabla sijavua viatu vizuri, akaniuliza lile alilokuwa nalo.

"Kafa na kinyongo na mie?"

Ningeweza kusema hapana, ikawa basi. Badala yake nikamsimulia siku ya chapati. Nilimsimulia yote, unga, mlango, lori, jina lake alivyoitwa. Nilipomaliza alikuwa amejifunika kanga usoni. Jirani yake alichungulia akarudi. Kisha mama mdogo akaanza kusema ndani ya kanga, nikalazimika kuinama nimsikie.

"Ule ufunguo haupo, Asya. Haupo tangu mwaka ule ule walioondoka. Nilikuwa nnachota maji, uzi ukakatika, ukaingia kisimani. Niliteremsha ndoo siku nzima. Nilimlipia mtu akazama, hakuuona. Nikawa nasema, akija ntamwambia nini? Kaniachia kitu kimoja, nimekipoteza. Nikawa naomba achelewe kidogo. Akachelewa. Kisha mama akafa, na mie peke yangu nimemuosha, peke yangu nimemlilia, nikawa na hasira ya kweli. Nikapeleka maneno yale. Lakini ndani yake mlikuwa na aibu ya ufunguo pia. Nilisema, akikasirika asije, basi hatajua."

Ndiyo hivyo. Bibi alisubiri ufunguo uliokuwa chini ya kisima. Alimkatalia kila fundi wa Maskati kwa ajili yake. Na huku mwenziwe anaogopa mlango kugongwa. Kila mmoja amekaa upande wake akijiona mkosa, na kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyefunga mlango.

Niliitoa saa mkobani nikaiweka mbele yake. Aliigusa kwanza mkono wa shaba, kisha pembeni, kisha kioo, akafungua, akapeleka kidole kwenye tundu la kushoto bila ya kutafuta. Nikampa ufunguo. Akaupapasa kichwa.

"Huu siwo."

"Siwo, mama mdogo. Kauchongesha mume wangu. Naye keshatangulia."

"Mungu amrehemu," akasema. Akajaza tundu lake, anahesabu kwa midomo. Akanipa ufunguo. Sikufahamu. Akasema, "Jaza la Zuwena."

Nikalijaza, mwanangu. Sikuwahi kumlilia mama yangu mpaka hapo. Hata wewe uliliona hilo, ukaniambia si vizuri kujizuia. Basi nililia pale, kwa sauti, mtu mzima, na mama mdogo ananipigapiga mgongoni kama mtoto.

Nilikaa kwake wiki ile yote. Siku ya kuondoka niliamka nikakuta ameshaifunga saa kwa kanga zake mbili, mafundo mazuri, ameiweka mlangoni. Akasema, "Ichukue. Umeniambia ya mtoto wako, na kilichokwisha kupewa mtu hakipewi mwingine." Teksi inangoja nje. Niliinua mzigo, nikafika mpaka kizingitini. Nikarudi. Nikafungua mafundo yale mwenyewe, nikairudisha juu ya meza yake ya dirishani.

Kitu kile hakikuwa changu kukitoa. Nililijua hilo wakati nakitoa. Nilipaswa kukupigia simu pale pale, na sikukupigia kwa sababu niliogopa utasema hapana, na ungekuwa na haki. Kisha nikarudi, nikawa nasubiri siku nzuri ya kukwambia, siku zikapita, mpaka ukapanda kwenye kiti mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko saa yenyewe. Nimeona mama yangu na mama yangu mdogo wameharibikiwa kwa kusubiri siku nzuri, na mie nimerudi Maskati nikafanya hivyo hivyo kwa mwanangu.

Mama mdogo yu hai. Jirani yake ananiambia hali yake si nzuri, na madaktari wa kule wamesema usemi ule mnaousema nyinyi madaktari mkiwa hamna la kusema. Kila Ijumaa anaijaza saa, matundu yote mawili sasa. Amenipa maneno nikufikishie: "Mwambie Raiya saa yake naitunza, na akija nimeshaondoka, aingie tu aichukue, asiombe ruhusa kwa mtu." Nimeshamwambia na jirani, ili pasiwe na maneno. Sikuombi uende. Una masomo, una maisha yako, na yeye hukumjua. Ukitaka kuniandikia kutoka Ujerumani kwamba unaitaka saa, nitakwenda kuileta mwenyewe, bila ya kinyongo.

Ninalokuomba ni jingine. Huko uendako utachelewa. Utachelewa kupiga simu, utachelewa sikukuu, siku moja labda utachelewa maziko, yangu. Kazi yako ni ya kumshika mtu, na bahari si ndogo. Utakapochelewa utaona haya, na ukishaona haya mwaka mmoja, wa pili haya itakuwa kubwa zaidi, mpaka utasema utakuja na uso gani. Njoo na uso huo huo. Kama nimekuudhi na hatujasemeshana, njoo. Kama mtu amekuletea maneno kwamba nimesema usije, ujue nilikuwa na hasira, njoo vilevile. Hakuna saa ya usiku utakayogonga hapa nikakuuliza ulikuwa wapi.

Nakuombea mema yote ambayo mama anaweza kuyaomba, mengine sina maneno yake. Wali umeiva, nimezima moto. Wageni bado hawajafika. Barua hii nilikusudia kuitia kwenye sanduku lako uisome huko, ukiwa mbali, nami sioni uso wako. Nimebadilisha nia. Nakuja nayo chumbani kwako sasa hivi, na nitakaa hapo kitandani mpaka uimalize.

Mama yako,
Asya